Siku jozi ya njiwa ilipouzwa kwa dhahabu

Kisa hiki kimo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Kipo mwishoni mwa sura ya kwanza ya kitabu kiitwacho Keritot, nacho ni mistari michache tu. Njiwa wa sadaka walipanda bei mjini Yerusalemu hadi jozi ikawa inauzwa kwa dinari za dhahabu. Rabban Shimon ben Gamliel akaapa kwa Hekalu kwamba usiku ule hatalala mpaka bei irudi kwenye dinari za fedha. Akaingia katika baraza la sheria, akafundisha hivi: mwanamke aliyezaa mara tano, na hakuna shaka kwamba amezaa, atoe sadaka moja, ale nyama takatifu, na zile nne zilizobaki hazimlazimu. Siku hiyohiyo jozi ikashuka hadi robo mbili za dinari.

Basi. Mishna inahamia sura ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi nakiona kisa hiki kinaeleza nafasi ya mwanamke katika sheria ya sadaka ya Israeli ya kale kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia juu ya mada hiyo. Wahubiri huwa na njia mbili. Ama mwanamke huchorwa kama mtu aliyefungiwa nje ya ibada, ama huambiwa sheria ilimtendea sawasawa na mwanamume na asitafute la kulalamikia. Njiwa wa Keritot wanazikataa njia zote mbili. Wanawake walikuwamo ndani ya ibada, tena kwa lazima. Na sheria iliyoandikwa kwa usawa, ilipofika sokoni, iliwaelemea wao.

Sheria yenyewe

Sura ya 12 ya Mambo ya Walawi ina aya nane tu. Mwanamke akizaa mtoto wa kiume, anakuwa najisi siku 7, kama siku za hedhi yake. Siku ya 8 mtoto anatahiriwa. Kisha mama anakaa siku 33 za kutakasika, asiguse kitu kitakatifu wala asiingie patakatifu. Jumla 40. Akizaa wa kike, ni wiki 2 na siku 66. Jumla 80. Siku zikitimia analeta kwa kuhani mwanakondoo wa mwaka mmoja awe sadaka ya kuteketezwa, pamoja na kinda la njiwa au hua awe sadaka ya dhambi. Asipomudu mwanakondoo, analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, mmoja wa kuteketezwa na mwingine wa dhambi.

Wasomaji wa Injili wanaijua jozi hiyo. Luka, katika sura ya 2, anapoeleza Yesu alivyopelekwa Yerusalemu akiwa mchanga, anataja sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa na hasemi neno juu ya mwanakondoo. Mariamu alitoa sadaka ya wasio na uwezo. Na msomaji aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili, ambako mzazi anatunzwa mpaka atoke arobaini, hatashangazwa na siku 40. Itakayomshangaza ni ile 80.

Hiyo 80 imewasumbua wafasiri tangu zamani. Kitabu cha Yubile, maandishi ya kale ya Kiyahudi, kinasema Adamu aliingizwa bustanini baada ya siku 40 na Hawa baada ya 80, na sheria ikafuata hapo. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria, juu ya Mishna, katika kitabu cha Nida, inamnukuu Rabi Shimon bar Yochai akitoa sababu nyingine: mwanamke anapopiga magoti kuzaa, uchungu humfanya aruke na kuapa kwamba hatamrudia tena mumewe, na sadaka ni ya kiapo hicho cha haraka. Akizaa wa kiume, watu wote wanafurahi, naye anajutia kiapo chake baada ya siku 7. Akizaa wa kike, watu wote wananuna, na majuto yanachelewa hadi siku 14. Ni maelezo ya wanaume waliokuwa wamekaa nje ya chumba cha uzazi, hilo halifichiki. Lakini tusipite haraka, maana ndani ya Talmudi hiyohiyo Rav Yosef anayabomoa: kiapo hufunguliwa kwa mtu kwenda kwa mwanachuoni na kueleza majuto yake, na tena kiapo kina sadaka yake katika Torati, ambayo si hii. Hoja ya kiapo ilipingwa mlemle ilimotolewa.

Torati yenyewe haimshtaki mama kosa lolote. Linganisha miisho ya sura mbili. Walawi 4 inapozungumzia mtu aliyekosa bila kukusudia, kuhani akishamaliza kazi yake inasema mtu huyo atasamehewa. Walawi 12 inasema mwanamke atakuwa safi. Sadaka ni ileile ya dhambi na madhabahu ni ileile, ila matokeo si yale. Na jambo moja ambalo watu hulisahau wakishikwa na hasira ya zile siku 80: sadaka ya mtoto wa kike na ya mtoto wa kiume ni moja. Aya ya 6 inataja mwana au binti kwa pumzi moja. Kwenye kalenda wametofautishwa, ila madhabahuni hawakutofautishwa.

Jinsia ya mnyama nayo ilikuwa na hesabu zake. Sadaka ya kuteketezwa ya ng'ombe, kondoo au mbuzi ilitakiwa kuwa dume. Sadaka ya dhambi ya mtu wa kawaida ilitakiwa kuwa jike, wakati ya mtawala ni beberu. Sadaka ya amani iliruhusu yoyote. Kwa ndege, marabi walifundisha kwamba hakuna sharti la udume wala la kutokuwa na dosari yoyote. Ndege alikataliwa akikosa kiungo kizima, kama bawa. Kwa hiyo mama maskini, aliyeshindwa kununua mwanakondoo dume, aliingia mlangoni na sadaka ambayo hakuna aliyeuliza kama ni jike au dume.

Usawa wa maandishi

Jozi ya ndege haikuwa ya wanawake pekee. Walawi 15 inamtaja mwanamume mwenye kutokwa na usaha au majimaji sehemu za siri kwa ugonjwa. Akipona, anahesabu siku 7, anaoga, na siku ya 8 analeta hua wawili au makinda mawili. Mwanamke anayetokwa damu siku nyingi nje ya hedhi yake anafanya vivyohivyo: siku 7, kisha siku ya 8 ndege walewale wawili. Ukiiweka mizani kwenye karatasi, imesimama sawa. Kuna tofauti ndogo ya maneno ambayo wasomaji makini huiona: mwanamume anakuja mbele za Bwana, mlangoni pa hema ya kukutania, na kumpa kuhani ndege, mwanamke anamletea kuhani ndege mlangoni, na yale maneno ya mbele za Bwana hayamo. Wengine wamejenga juu ya tofauti hiyo nadharia nzima. Mimi naiona ni ndogo mno kubeba jengo la namna hiyo, hasa kwa kuwa wote wawili wanaishia kwenye mlango mmoja.

Kinachonishughulisha ni idadi ya mara. Mwanamume anaweza kuishi hadi mvi bila kuugua ugonjwa huo hata siku moja. Mwanamke aliyeolewa katika Uyahudi au Galilaya ya karne ya kwanza alizaa na kuzaa tena, na kati ya uzazi na uzazi zilikuwapo mimba zilizoharibika, ambazo nazo zilidai sadaka ikiwa kilichotoka kilikuwa na umbo. Kama hakujua kilichotoka ni nini, aliingia kundi la wenye shaka: analeta jozi, lakini makuhani hawali ile sadaka ya dhambi, kwa kuwa huenda haikumpasa. Weka hayo yote pamoja, halafu hesabu ndege wa maisha ya mwanamke mmoja.

Ongeza na safari. Torati iliwaagiza wanaume wahudhurie mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka. Wanawake hawakuagizwa, ingawa wengi walikwenda: Hana alipanda Shilo mwaka baada ya mwaka, na Luka anasema wazazi wa Yesu wote wawili walikwenda Yerusalemu kila Pasaka. Hapo ndipo penye fundo la kisa hiki. Mtu ambaye sheria haikumlazimisha kusafiri ndiye aliyebebeshwa deni lisiloweza kulipwa popote isipokuwa Yerusalemu. Mwenye kukaa Galilaya, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, angefanya nini? Angesubiri. Siku zake zikiisha angezama majini kujitakasa, arudi kwa mumewe, apike, ale chakula cha kawaida kama kila mtu. Alichonyimwa ni viwili tu: kuingia patakatifu na kula nyama ya sadaka. Nyumbani hakuna aliyeona upungufu wowote. Mwaka ukapita, mtoto mwingine akazaliwa, na jozi nyingine ikaandikwa kwenye daftari lisiloonekana.

Kisha anapata nafasi ya kupanda Yerusalemu kwa Pasaka. Mwanakondoo wa Pasaka ni nyama takatifu. Hawezi kumla kabla ya kutoa angalau jozi moja. Kanuni ya Mishna, kabla ya kisa chetu, iko wazi: mwenye uzazi wa hakika mara tano analeta jozi moja na anaruhusiwa kula, na zilizobaki ni wajibu juu yake. Ndege wanane bado anadaiwa. Naye hayuko peke yake. Wenzake wa namna hiyo wamejaa barabarani, kila mmoja na deni lake, na wote wanafika wiki moja.

Sokoni na mlangoni

Talmudi ya Yerusalemu inataja mierezi miwili juu ya Mlima wa Mizeituni, na kwamba kutoka mmoja wao walitolewa makinda ya njiwa kiasi cha sea 40 (sea ni kipimo cha kale cha ujazo) kila mwezi, yakawatosha Israeli wote kwa sadaka zao. Kuna harufu ya kutia chumvi hapo, lakini inaonyesha ukubwa wa biashara yenyewe. Huko Maresha, kusini-magharibi mwa Yerusalemu, bado yapo mapango yaliyochongwa maelfu ya vishimo vya kufugia njiwa, ambayo asili yake ni karne kadhaa kabla ya kisa chetu. Na Injili zinataja viti vya wauza njiwa katika ua wa Hekalu, vile alivyovipindua Yesu.

Ndani ya Hekalu kulikuwa na masanduku 13 ya kutumbukizia fedha, mawili kati yake kwa ajili ya ndege. Mwanamke hakulazimika kubeba njiwa mkononi. Alitumbukiza bei ya jozi, na ilichukuliwa kuwa makuhani wa zamu hawaondoki mpaka fedha yote ya sanduku imenunua ndege na ndege wametolewa. Jioni angeweza kula nyama takatifu kwa imani kwamba kazi imefanyika. Palikuwa hata na ofisa wa ndege, anayetajwa kwa jina la Petahia katika orodha ya maofisa wa Hekalu.

Wale waliosimama wenyewe walisimama kwenye lango la Nikanori. Ua wa Wanawake ulikuwa mraba wa dhiraa 135 kila upande. Upande wa magharibi zilipanda ngazi 15 kuelekea lango hilo, na ng'ambo yake ni ua wa ndani wenye madhabahu. Mishna inasema langoni hapo ndipo walipotakaswa wanawake waliojifungua na wenye ukoma, na ndipo aliponyweshwa maji machungu mwanamke aliyeshukiwa uzinzi. Mama aliyejifungua alisimama mahali pamoja na anayeshukiwa. Sidhani mpangilio huo ulikusudiwa kumdhalilisha. Lango lilikuwa mpaka wa mwisho kwa yeyote asiyekamilika. Ila macho ya watu hayasomi makusudio ya mpangaji.

Kuhani hakumchinja ndege kwa kisu. Alimshika mkononi na kuikata shingo kwa nyuma kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa sadaka ya dhambi hakukitenganisha kichwa na kiwiliwili. Alinyunyiza damu kidogo kwenye ukuta wa madhabahu, iliyobaki akaikamua chini penye msingi, na nyama ikaliwa na makuhani. Kwa sadaka ya kuteketezwa kichwa kilitenganishwa, kibofu cha chakula kikatupwa upande wa mashariki penye majivu, na ndege mzima akaenda motoni. Shughuli ya dakika chache kwa kila ndege, na mwanamke wa jozi tano alihitaji irudiwe mara kumi.

Hesabu

Dinari moja ya dhahabu ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, kibarua anakubaliana dinari moja kwa siku. Mishna inasema dinari za dhahabu, kwa wingi, lakini tuchukue kwa upole kwamba jozi ilisimama kwenye dhahabu moja tu. Jozi tano ni dinari 125. Ni jasho la kibarua la siku 125, na hapo hajala, hajavaa, hajalipa kodi. Baada ya hukumu ya Shimon mwanamke yuleyule alidaiwa jozi moja, kwa nusu dinari. Mzigo umepungua mara 250 kati ya asubuhi na jioni.

Kumbuka kwamba ndege walikuwa nafuu ya maskini. Torati iliweka hua kwa sababu kondoo alikuwa ghali. Ndege alipofika bei ya dhahabu, nafuu yenyewe ikageuka kikwazo, na chini ya ndege hapakuwa na ngazi nyingine kwa mama. Kwa baadhi ya makosa, Walawi 5 inamruhusu asiyeweza ndege alete unga. Kwa mzazi unga haukutajwa.

Kuna jambo jingine linalokera ukilijua. Hekalu lenyewe lilijikinga na kupanda kwa bei. Mishna, katika kitabu cha Shekalim, inaeleza kwamba kila siku 30 hazina ilipanga bei na wauzaji wake. Aliyekubali kuleta unga kwa bei fulani, bei ikipanda sokoni aliuza kwa ile ya chini, na bei ikishuka alishusha naye. Hazina ilikaa upande wa faida mvua inyeshe, jua liwake. Mwanamke wa Galilaya hakuwa na mkataba wa namna hiyo na mtu yeyote. Alinunua kwa bei aliyoikuta.

Hukumu

Shimon ben Gamliel alikuwa nani? Majina hayo yanarudiwa katika ukoo ule, lakini kisa kinahitaji Hekalu lililosimama na soko linalofanya kazi, hivyo ni yule wa kabla ya mwaka 70, mwana wa Gamalieli anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anamtaja kama mtu wa Yerusalemu, Farisayo, wa ukoo wenye heshima kubwa. Alikuwa na sauti barazani. Ufunguo wa hazina ulikuwa wa makuhani.

Ndiyo maana hakugusa bei. Hakuwaita wauzaji, hakutishia, hakutangaza kiwango cha juu. Aligusa wajibu wa mnunuzi. Katika Mishna mwanamke mwenye shaka mara tano alishakuwa na nafuu: analeta moja, na zilizobaki hazimpasi. Shimon aliichukua kanuni ya wenye shaka akaivika wenye hakika. Kimantiki si jambo la ajabu. Mtu aliyepatwa na unajisi mara tano huzama majini mara moja tu akatakasika na wote, na Mwislamu anajua kwamba josho moja linatosha hata kama sababu za janaba ni zaidi ya moja. Kama sadaka ya mzazi kazi yake ni kumkamilisha ili ale, jozi moja imeshamkamilisha. Lakini sheria iliyopokelewa haikuiona sadaka hivyo. Kila uzazi ulikuwa na deni lake, na deni halifutwi kwa kulipwa deni jirani.

Kwa nini bei ilianguka siku hiyohiyo, na kuanguka kupita hata kiapo chake? Aliapa kwa ajili ya dinari za fedha, akapata robo. Nadhani jibu liko kwenye mwili wa ndege. Sheria ilitaka hua waliokomaa na njiwa walio makinda, na manyoya ya shingoni yakianza kung'aa rangi ya dhahabu, ndege wa aina zote mbili hafai: kwa hua bado ni mapema, kwa njiwa ni kuchelewa. Muuzaji mwenye makinda 200 vizimbani hana ubavu wa kusubiri mwezi ujao. Mahitaji yakishapungua hata kwa nusu, leo anauza kwa bei yoyote, kwa sababu wiki mbili zijazo anabaki na kitoweo. Waliopandisha bei walitegemea kitu kimoja, kwamba wanawake hawana njia nyingine ya kupita. Baraza lilipofungua njia, hawakuwa na la kushikilia.

Rashi, mfasiri wa Ufaransa wa karne ya 11, aliona wazi kwamba hapa kuna mtu amelegeza neno la Torati, akaona inabidi amtetee. Utetezi wake: ni wakati wa kutenda kwa ajili ya Bwana, kwa maneno ya Zaburi 119, kwa maana kama njiwa wasingepatikana, wanawake wangeacha kuleta hata jozi moja na wangekula nyama takatifu wakiwa hawajakamilika. Nilivyouelewa utetezi huo, wanawake hawamo kama watu wenye shida. Wamo kama hatari kwa utakatifu wa nyama. Hata hivyo ndani yake kuna kukiri kukubwa kuliko alivyokusudia. Rashi anajua kwamba wanawake wangeamua. Hakuna askari wa kuwasimamisha mlangoni akiwauliza umezaa lini na umelipa ngapi. Mfumo mzima wa jozi za wazazi ulisimama juu ya uaminifu wa mwanamke kujihesabia mwenyewe siku zake na uzazi wake, na siku ambayo angeona anaonewa angeweza kutembea na kupita. Barazani hakuna mwanamke aliyesema neno. Uwezekano wa wao kutokuja ndio uliosema.

Hapa mimi naachana na Rashi kidogo. Kiapo cha Shimon, kama Mishna ilivyokihifadhi, kinataja bei. Hakitaji nyama takatifu wala unajisi. Aliyekosa usingizi kwa sababu ya bei ya njiwa alikuwa anajua njiwa ni wa nani.

Ndama uani

Kuna kisa kingine cha kukilinganisha na hiki, katika kitabu cha Hagiga cha Talmudi ya Babeli. Mwenye kuleta mnyama wa sadaka ya amani aliweka mikono yake juu ya kichwa cha mnyama kabla hajachinjwa. Sheria iliyopokelewa ilisema wana wa Israeli ndio wanaoweka mikono, binti hawaweki. Rabi Yose anasimulia alichoambiwa na Abba Elazar: siku moja tulikuwa na ndama wa sadaka ya amani, tukamleta hadi Ua wa Wanawake, nao wakaweka mikono juu yake; si kwa kuwa iliwapasa, bali ili wanawake wapate burudiko la roho.

Visa hivi viwili vinaelekea pande tofauti. Kwa ndama, wanawake walipewa tendo ambalo sheria haikuwadai. Kwa njiwa, waliondolewa tendo ambalo sheria iliwadai. Mwenye kupenda kusema kwamba wanawake wa Israeli waliitaka ibada asome cha kwanza. Mwenye kupenda kusema kwamba ibada iliwachosha asome cha pili. Ukivisoma pamoja unawaona wanawake wanaotaka kuwa karibu na madhabahu, na ambao ukaribu ule umewekewa bei ya ajabu katika kipindi ambacho mfuko uko mtupu, yaani baada ya kuzaa. Na hata hiyo bei haikuwa lazima itoke mfukoni mwao: Rabi Yehuda katika Mishna anafundisha kwamba mume mwenye uwezo analeta kwa ajili ya mkewe sadaka ya tajiri, na kila sadaka inayompasa mke. Hivyo bei ya dhahabu iliingia katika mazungumzo ya ndani ya nyumba, mume akipiga mahesabu ya ndege wa mkewe. Tunaweza kukisia ni nani aliyeambiwa asubiri mwaka ujao.

Marabi hawakuidharau sheria hii baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Kitabu kizima cha Mishna, Kinnim, sura tatu, kinahusu jozi za ndege zilizochanganyika: za mwanamke huyu na yule, za nadhiri na za wajibu, ndege mmoja akiruka kutoka kizimba hiki kwenda kile, nani sasa amelipa na nani bado. Ni miongoni mwa vitabu vigumu kabisa katika mkusanyo wote. Rabi Eliezer ben Hisma alisema sheria za jozi na za mwanzo wa hedhi ndizo mwili wenyewe wa sheria, na kwamba hesabu za nyota na za herufi ni viungo vya mezani tu. Mambo ya wanawake, yanayohesabiwa kwa damu na ndege, yaliwekwa mahali pa kiini na wanaume ambao hawakuwahi kudaiwa hata kinda moja la uzazi.

Na ile kanuni ya kwanza haikufutwa. Mishna inaanza kwa kusema zilizobaki ni wajibu juu yake, kisha inasimulia siku ambayo Rabban Shimon ben Gamliel alisema si wajibu, na imeyaacha maneno yote mawili yakae bega kwa bega.